Kutoka ‘ni kichaa’ hadi ‘nina depresheni’

Wiki hii ninaangazia historia ya maneno tunayotumia Kenya kuutaja ugonjwa wa akili. Maneno hayo huamua nani atasaidiwa na nani atachekwa.

Neno wazimu ni kongwe, na linahusishwa na mzimu. Majinuni, lenye asili ya Kiarabu, limembeba jini. Kwa mtazamo huo, mgonjwa ni mtu aliyeingiliwa.

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi. Mwaka 1924 ikaitwa Mathari. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza kwa miaka mingi, alieneza nadharia iliyodunisha akili ya Mwafrika. Mitaani jina la hospitali likageuka tusi: “Wewe, si upelekwe Mathari!” Nayo sheria ilimhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu hicho Januari 2025.

Vijana wa TikTok na X hawakuingoja mahakama. Wanasema waziwazi: “Nina depresheni”, “Niko na anksaiti.” Tazama sarufi yao. Zamani tulisema “yeye ni kichaa”: ugonjwa ukawa ndiye mtu. Kijana anaposema “nina”, ugonjwa unakuwa kitu alicho nacho, kinachoweza kutibiwa. Hayo ni mapinduzi, na ninawapongeza.

Hata hivyo, kuna kasoro. Timu ikifungwa, ati “nimeshikwa na depresheni, bana!” Aliyekosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa naye anatumia neno lilo hilo. Tutamtambuaje? Video ya dakika moja haiwezi kuchukua nafasi ya daktari. Isitoshe, neno hilo likifika kwa mzazi kijijini, huenda akaliona kuwa deko la watoto wa mjini.

Kiswahili kina daraja. Mzazi huyo anajua maana ya kusononeka. Basi sonona halitamshinda. Wasiwasi analijua, kiwewe pia. Walimu, wanahabari na vijana wenye wafuasi wengi mitandaoni, tuyatumie maneno haya kwa maana zake kamili. Kijana akimwambia mamake, “Mama, nina sonona, nipeleke hospitali,” mama aelewe mara moja, kabla mambo hayajaharibika.