Dago na Daftari

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sidhani kama ipo jamii inayoijua maana ya methali hii kuliko watu wa Kojani, kisiwa kidogo kilichoegemea pwani ya mashariki ya Pemba. Ardhi yao ni finyu, bahari yao ni pana. Mvuvi wa Kojani huondoka na wenzake kwenda dago, Tanga, Mafia, Kilwa na hata pwani ya Kenya, wakapiga kambi huko wiki kadhaa au miezi, kisha wakarejea kwa wake na watoto wao. Muulize kwao ni wapi, naye atakujibu bila ya kusita: Kojani.

Sheria ya uchaguzi, hata hivyo, haiulizi kwenu ni wapi. Huuliza umekaa wapi, na kwa muda gani. Katika uchaguzi wa 1995 Mzanzibari alitakiwa awe ameishi jimboni mwake miaka 5 mfululizo ndipo aandikishwe. Baadaye muda huo ukapunguzwa kuwa miezi 36. Shabaha yake inaeleweka: kuzuia watu wasisombwe kutoka jimbo moja hadi jengine kwa ajili ya kura. Lakini kipimo kilicho chepesi kwa mkulima wa karafuu huwa kizito kwa mtu wa dago, ambaye maisha yake ni kwenda na kurudi, na ambaye ukaazi wake unahitaji neno la sheha.

Pengine msomaji atasema: mtu mmoja aliyekosa jina daftarini ataleta tofauti gani? Historia ya Pemba imekwisha kulijibu swali hilo. Januari 1961 ASP ilipata kiti cha Chake Chake kwa kura moja tu. Kwa kiti hicho ASP ikawa na viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP walipogawanyika, Baraza likawa nusu kwa nusu, na hapakuwa na upande ulioweza kuunda serikali yake. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, ukaandamana na fujo zilizoua watu 68.

Vyama vingi viliporudi, Pemba ilijulikana kwa msimamo usiotetereka. Tarehe 22 Oktoba 1995 CUF ilichukua viti vyote 21 vya Uwakilishi kisiwani humo, huku Dkt. Salmin Amour wa CCM akitangazwa Rais kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad. Mwaka 2005 na 2010 majimbo ya Pemba, ambayo sasa yalikuwa 18, yote yalikwenda CUF tena. Anayetazama mshindi peke yake, basi, hatajifunza mengi Pemba katika chaguzi hizo. La kutazama ni mahudhurio.

Mwaka 2005 na 2010, takriban watu 9 katika kila 10 walioandikishwa Zanzibar walipiga kura. Huko Marekani, mwaka 1996, hata nusu ya watu wenye umri wa kupiga kura haikufika vituoni. Na Wapemba walijipanga kwenye mistari hiyo baada ya Januari 2001, pale maandamano yalipoishia kwa vifo, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura wa Zanzibar waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Huo ulikuwa wakati wa matumaini.

Kisha ukaja uchaguzi wa 25 Oktoba 2015. Siku tatu baadaye Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wa Zanzibar. CUF ikasusia marudio ya 20 Machi 2016. Mahudhurio yakashuka hadi asilimia 67.9, Dkt. Ali Mohamed Shein akapata asilimia 91.4, na Pemba ikaonekana imegeuka ghafla. Mwaka 2020 kiti cha Bunge cha Kojani nacho kilitangazwa kuwa cha CCM.

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwaambia wanafunzi wangu kwamba namba ni shahidi, lakini shahidi huulizwa maswali. Asiyekuja kituoni anaweza kuwa amesusa. Anaweza pia kuwa yuko dago, akifuata bahari iliyotulia baada ya kusi, kwani uchaguzi wetu huangukia Oktoba. Wote wawili huhesabika kuwa hawakuja, ingawa mmoja amesema neno zito na mwengine anatafuta riziki. Lakini yuko wa tatu, naye ndiye anayenisikitisha zaidi: yule ambaye jina lake halikuandikwa kabisa. Huyu hahesabiki miongoni mwa waliokuja wala wasiokuja, maana mahudhurio hupimwa kwa walio daftarini. Asilimia 90 inaweza kung'ara huku yeye akiwa nje ya hesabu.

Kwa hiyo tusiishie kuuliza nani kashinda Kojani na wangapi wamepiga kura. Tuulize kwanza wakaazi wake wazima ni wangapi, na wangapi kati yao wamo daftarini. Na uandikishaji upangwe wakati vyombo viko bandarini. Mvuvi anayekumbuka kurudi kwao kila msimu asirudi akakuta kwao hajulikani.