Juma la Bulabo

Katika rejesta za shule niliyoiongoza, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, lipo juma moja la Juni 1983 lililojaa alama za utoro. Niliziandika mwenyewe, kwa wino mwekundu, na wakati ule nilijiona mtu wa haki.

Msomaji asiyeijua sehemu yetu aelewe kwanza Bujora ni nini. Ni kilima karibu na Kisesa, kama kilometa 20 kutoka Mwanza mjini. Hapo Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alishirikiana na wazee wa Kisukuma kukusanya mila, nyimbo na vyombo vya kale, na mwaka 1968 yakapatikana makumbusho. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ndani yake mna viti, mataji na ngoma, vitu vilivyokuwa na kazi mpaka mwaka 1963, Serikali ilipoondoa mamlaka ya machifu.

Lakini makumbusho haya yana msimu wake. Sikukuu ya Ekaristi hufuata Pasaka, siku sitini baadaye, nayo huangukia mwisho wa Mei au mwezi wa Juni, mavuno yakiwa nyumbani. Wasukuma huiita Bulabo, yaani maua. Baada ya ibada na maandamano huanza mashindano ya ngoma, Wagika upande huu na Wagalu upande ule. Asili ya vyama hivyo ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana ni nani mwenye dawa kali zaidi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na kwa desturi mshindi ni yule aliyevuta watu wengi kutoka kwa mwenzake. Ndiyo maana huletwa nyoka na fisi, na majembe hurushwa juu na kudakwa. Nani atakaa darasani akisikia hayo?

Mwaka ule sikukuu iliwahi, shule zikiwa hazijafungwa. Watoro waliporudi niliwapanga mstarini. Mmoja, mvulana wa darasa la sita, nilimwuliza kwa kejeli amejifunza nini huko. Akanijibu. Akanieleza habari za Ngika na Gumha, akataja walimbaji wa ngoma wa kijiji chao mmoja baada ya mwingine hadi babu wa babu yake, na akasema ni wimbo gani ulitungwa mwaka wa njaa gani. Mimi niliyehitimu chuo cha ualimu nikiwa na alama nzuri za historia sikuyajua hata nusu. Nikamchapa viboko vinne kama wenzake.

Nilijitetea kwa ratiba. Mkaguzi hakuja kuuliza ngoma, alikuja kuuliza mahudhurio. Hata hivyo shuleni kwetu tulikuwa na kikundi cha ngoma, kilichochezeshwa mgeni wa Serikali alipokuja! Nyerere alikuwa ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana tangu 1962, nasi tuliutii wito huo kwa namna ya kuupamba uwanja. Ngoma isiyo na mgeni tuliiita utoro.

Nilipostaafu nilianza kwenda Bujora siku za kawaida. Huwa kimya. Unasimama mbele ya ngoma ya mtemi, unasoma kibao, unaondoka. Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini hakuna anayeipiga, nami nikamwahidi kumleta Juni.

Tukaja. Nilikuwa natafuta kivuli wakati mwanamume mwenye mvi aliponijia akiwa amevaa njuga miguuni. "Shikamoo, Mwalimu." Sikumtambua mpaka alipotaja jina la baba yake. Ndiye aliyekuwa akiongoza kundi lao. Alimtuma kijana alete kiti, akakiweka mbele kabisa, akamkalisha mjukuu wangu chini pembeni yangu, mahali pa kuona vizuri.

Nilitaka kumwambia habari ya vile viboko. Nilikuwa nimeshika mkono wake na nimeanza, "Mwanangu, mwaka ule..." Akainama kunisikia, lakini wapigaji wake walikwishaanza, naye akageuka akakimbilia uwanjani, kwa maana watu wa upande wa pili walikuwa wanaongezeka.