Paa la zege: dawa ya kuzuia maji (Kimamba, Kilosa)

Dawa ya kuzuia maji ni tabaka linalopakwa au kubandikwa juu ya paa bapa ili mvua isipenye zege na kutia kutu nondo zilizo ndani.

Mapaa bapa si mageni nchini. Tembe ya Wagogo, magharibi ya Kilosa, hufunikwa udongo juu ya fito, na hudumu kwa kuwa Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi tu kwa mwaka. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa kwa mapaa ya chokaa juu ya boriti. Mengi yalivuja, yakaja kufunikwa mabati. Kimamba, mji wa mkonge kwenye Reli ya Kati, una masika ya Machi hadi Mei, kisha kiangazi kirefu cha jua kali. Zege hutanuka mchana, husinyaa usiku, na nyufa huanzia hapo.

Mteremko hutangulia dawa: angalau sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea bomba. Mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000, uzito wa tani 5. Bomba likizibwa na majani, mzigo huo wote hulala juu ya nyumba.

Paa lisilotuamisha maji lafaa kupakwa akriliki nyeupe, ambayo pia hupunguza joto la vyumbani. Maji yakikaa siku kadhaa, akriliki hulainika na kubanduka. Hapo chagua poliyurethani, ingawa ni ghali. Panapotembewa, saruji yenye polima chini ya vigae hutosha. Lami ya kupaka ikiachwa wazi hukakamaa na kupasuka kwa jua, na mwandishi huyu haishauri.

Zege jipya lisubiri siku 28. Kisha bandika kipande cha nailoni kwa gundi pande zote na ukiache usiku kucha: kikiwa na matone kwa ndani asubuhi, zege bado lina unyevu na poliyurethani haitashika. Kona za paa na ukuta zijazwe lipu ya mviringo kwanza, kwani uvujaji mwingi huanzia huko.

Usimlipe fundi salio kabla ya kuziba bomba, kujaza paa maji ya sentimita 3 na kuyaacha saa 24, mradi slabu inabeba uzito huo. Kazi hii ifanyike Agosti au Septemba, kabla ya vuli.