Jiwe la Pwani na Jiwe la Mlimani



Ukitembelea nyumba mpya hapa Embu, mwenyeji hakawii kukuonyesha sakafu na ukuta wa sebule. "Hili jiwe limetoka mbali," atakwambia. Sawa. Lakini je, wazee wetu walilitumiaje jiwe ndani ya nyumba, na mbona la Pwani si kama la huku?

Wenzetu wa Pwani walijaliwa matumbawe, mawe yanayojengwa na viumbe vya baharini. Yale ya nchi kavu yalichimbwa, yakajengewa kuta nene kwa chokaa. Na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo! Yale ya baharini yalikatwa yakiwa mabichi, fundi akayachonga yangali laini, kisha yakakauka na kuwa magumu. Hayo ndiyo yaliyopamba mihrabu. Kule Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi yalichongwa mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Msikiti ulijengwa upya kwa sehemu kubwa karne ya 18, maandishi yakabaki. Na huko Lamu, kuta za ndani zilitiwa zidaka za chokaa za kuwekea vyombo. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu ya ufupi wa boriti za mikoko, lakini weupe wa chokaa ulivitia nuru.

Sasa turudi kwetu. Mlima Kenya ulikuwa volkeno mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo jiwe la Embu ni mtoto wa moto: la kijivu, na halina ulaini wa tumbawe bichi. Ukiteremka Mbeere utakuta mawe ya kale zaidi, mengine yanametameta juani. Nyumba ya asili huku ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Jiwe la ndani lilikuwa mafiga matatu na jiwe la kusagia. Usicheke! Hayo ndiyo yaliyolisha familia. Waingereza walifungua kituo chao Embu mwaka 1906, na ujenzi wa kuta za mawe ya kuchonga ukaenea baadaye.

Tunajifunza nini? Tazama Makkah. Kuta za Kaaba ni mawe ya milima ya pale pale. Lakini sakafu nyeupe wanapotufu mahujaji ni marumaru ya kisiwa cha Thassos, Ugiriki, kwa kuwa haishiki joto jingi, na watu wanatembea miguu mitupu. Kila jiwe limepewa kazi yake.

Basi nawe ukijenga, usiulize bei na umbali tu. Marumaru huliwa na ndimu na siki, hivyo jikoni itachakaa haraka. Jiwe lililong'arishwa sana mahali pa kutawadhia litamwangusha babu yako. Pale weka jiwe lenye mkwaruzo, kama la Mazeras au la kwetu la mlimani. Matumbawe hai nayo tuyaache baharini, ni nyumba ya samaki na riziki ya wavuvi.

Na kamati ikitaka kubomoa msikiti wa zamani ili uwe wa kisasa, kwanza itazame ukutani. Jiwe lililochongwa na mkono wa mtu miaka 900 iliyopita haliuzwi dukani.