Rubani aliyeendesha lifti

Wadau, kuna mzee alikuwa akiwapandisha na kuwashusha watangazaji wa NBC kwenye lifti ya Rockefeller Center, New York. Habari za asubuhi, ghorofa ya ngapi, mlango unafungwa. Kumbe mzee mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za kivita!

Huyo ni Eugene Bullard, aliyezaliwa Columbus, Georgia, mwaka 1895. Baba yake, William, alimsimulia tangu utotoni kwamba Ufaransa mtu mweusi habaguliwi. Kisha usiku mmoja genge la wazungu likaja nyumbani kumtafuta huyo baba ili wamuue. Mtoto akaona isiwe taabu, akatoroka kwao akiwa bado mdogo. Mwaka 1912 alizamia meli hadi Scotland, akaishi kwa kupigana ndondi, na 1913 akaingia Paris.

Vita ilipoanza 1914 alijiunga na jeshi la Ufaransa, katika kikosi cha wageni. Verdun, 1916, akaumizwa vibaya mguu. Askari wa miguu asiye na mguu wa kutegemea afanye nini? Akaomba kurushwa angani. Mei 1917 akapata leseni, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa rubani wa kijeshi. Eti alikuwa akiruka na tumbili wake, Jimmy.

Marekani ilipoingia vitani iliwachukua Wamarekani waliokuwa wakirusha ndege za Ufaransa. Bullard alipimwa afya, akafaulu, akaachwa. Wazungu tu.

Mwaka 1940 alipigana tena na Wajerumani, akajeruhiwa, akarudi New York. Binti zake wawili, Jacqueline na Lolita, wakamfuata. Hapa ndipo panaponiuma. Ndani, ukutani, medali za baba. Nje, baba ni mzee wa lifti. Ufaransa ilimwita 1954 kuwasha mwenge kwenye kaburi la askari asiyejulikana, na 1959 ikampa nishani ya Légion d'honneur. Desemba hiyo NBC ikamhoji, akiwa ndani ya sare yake ya lifti.

Alifariki Oktoba 1961. Jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni usu mwaka 1994, miaka 33 akiwa kaburini. Oktoba 2019 sanamu yake ilizinduliwa kwenye makumbusho ya ndege Warner Robins, na watu wa ukoo wake walikuwepo. Ni Georgia ile ile aliyoikimbia.