Historia ya Mchampa wa Lango la Hekalu

Katika maadhimisho kama haya ni desturi kuwakumbuka waasisi, wafadhili na maharaj waliolitumikia hekalu. Nami naomba nafasi hii ndogo niukumbuke mkongwe mwingine, ambaye jina lake halimo katika ubao wa marumaru: mchampa ulio kando ya lango. Kamati imekwisha kutangaza kwamba ukumbi mpya utajengwa mahali uliposimama. Uamuzi huo una sababu njema, kwani sherehe zetu zimeuzidi ukumbi wa zamani. Hata hivyo, kabla shoka halijafika, yafaa tujue ni mti gani tunaouondoa, na kwa nini hakuna haja ya kuupoteza.

Kila apitaye barabara yetu anaufahamu: matawi manene, utomvu mweupe kama maziwa, maua meupe yenye moyo wa manjano, na harufu inayozidi jua likizama. Wengine huuita franjipani. Sisi wenye asili ya Gujarat huuita champa, na kwa kuwa maua yake huwekwa mbele ya miungu wakati wa puja, wengi huamini kuwa ni mti wa kale wa Bara Hindi. Sivyo. Champa ya maandiko ya Kisanskriti ni mti mwingine, wa jamii ya magnolia. Huu wa langoni asili yake ni Mexico, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Waazteki waliuita, kwa lugha yao, ua la kunguru, na hata leo ndilo ua la taifa la Nikaragua. Jina lake la kitaalamu, Plumeria, ni kumbukumbu ya Charles Plumier, mtawa wa Kifaransa aliyechunguza mimea ya Karibi mwishoni mwa karne ya 17.

Ulifikaje mbali hivyo? Mwaka 1492 Columbus alifika Karibi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita Malindi, akapata rubani wa kumvusha hadi Calicut. Tangu hapo merikebu za Ulaya zikaziunganisha bahari zote, na mimea ikasafiri pamoja na bidhaa. Mchampa ni abiria asiye na usumbufu: tawi lililokatwa hukaa wiki kadhaa bila udongo wala maji, na bado likawa hai. Huko Asia ukapokewa na watu wa kila dini. Wabudha wa Sri Lanka hutoa maua yake mahekaluni, Wahindu wa Bali huyatia katika sadaka zao, Waislamu wa Malaysia na Indonesia huupanda makaburini, na Laos imelifanya ua la taifa.

Wala si mchampa peke yake. Galgota, ua la manjano tunalotungia mashada ya Diwali, nalo lilitoka Mexico. Na muhogo unaopandwa na jirani zetu ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Nao, kama mchampa, hupandwa kwa kipande cha shina. Leo hakuna auulizaye muhogo kwao ni wapi. Sisi ambao wazee wetu walishuka kutoka majahazi ya Mandvi na Porbandar, yaliyosukumwa na kaskazi, tumeulizwa swali hilo mara nyingi. Sina jibu bora kuliko la mti huu: kwao ni pale ulipotia mizizi, ukatoa kivuli kwa kila apitaye.

Sasa nieleze namna ya kuuendeleza nyumbani, kazi niliyoifanya miaka mingi nyuma ya duka langu, katika makopo matupu ya rangi. Wakati mzuri ni kiangazi, kabla ya masika, majani yakiwa yamepukutika. Chagua tawi lililokomaa, lenye ganda la kijivu, si la kijani. Kata urefu wa sentimita 30 hadi 45 kwa kisu kikali, ukijihadhari na utomvu, maana huwasha ngozi na kuumiza macho. Ondoa majani yaliyosalia, kisha uliweke tawi kivulini wiki moja hadi mbili mpaka jeraha likauke kabisa. Hapa ndipo wengi hushindwa kwa haraka yao, kwani tawi bichi likizikwa huoza. Toboa kopo chini, ujaze mchanga uliochanganywa na udongo, fukia sentimita 10 hivi, kisha umwagilie mara moja. Baada ya hapo maji yawe haba hadi majani mapya yatoke. Mizizi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Kwa matunzo mema, maua huweza kuonekana baada ya mwaka mmoja au miwili.

Mbegu nayo huota, lakini mche wake huweza kutofautiana na mzazi kwa rangi na harufu. Tawi halibadiliki. Mti utokao katika tawi ni mti uleule, wenye ua lilelile ambalo bibi zetu waliliokota alfajiri. Kwa hiyo mchampa wa lango unaweza kukatwa bila kufa, mradi matawi yake yaingie katika nyumba zetu kwanza.

Nimeiomba kamati itenge siku moja ya kugawa matawi, nayo imeniridhia. Waalikwa ni waumini na majirani wote, wa dini yoyote. Asiye na ua, kopo moja kibarazani latosha. Ombi langu ni moja: kila atakayechukua tawi aandikishe jina lake kwa katibu, ili ukumbi ukikamilika tujue ni nyumba gani tutakayoibishia hodi kuomba tawi la kupanda tena langoni.