Serikali ya Wenye Hisa

Ayn Rand, mwandishi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alitaka serikali iwe na kazi tatu tu: polisi, mahakama na jeshi. Gharama zake raia wazichangie kwa hiari. Mengine yote yaachiwe soko. Siku hizi vijana wengi wanaipenda ndoto hiyo, hasa siku ya kukatwa kodi. Lakini je, dola kama hiyo inaweza kusimama?

Pwani ya kusini iliwahi kukaribia. Kuanzia 1888 hadi 1895, toka Vanga kupita Gazi hadi Mombasa na kwingineko, mtawala alikuwa kampuni. Imperial British East Africa Company ya William Mackinnon ilipata ukanda huu kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Ikaweka mahakama, askari, forodha, hata rupia yake iliyoandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Nuru na Uhuru".

Uhuru wa nani sasa? Ushuru wa forodha ulibaki pale pale. Na amani ilinunuliwa: Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, alipewa posho ili atulie.

Mwaka 1895 sheikh wa Takaungu akafariki, jamaa wakagombania urithi. Kampuni ikachagua upande, vita vikazuka, na Mbaruk wa Gazi naye akaingia. Kampuni haikuwa na ubavu. Uganda ilikuwa imeshaikausha mfuko. Tarehe 1 Julai serikali ya Uingereza ikashika hatamu, ikaleta manowari na askari kutoka India. Mwezi wa Agosti ngome ya Mwele, ndani ya Kwale, ikaanguka. Mwaka 1896 Mbaruk akakimbilia upande wa Wajerumani.

Wenye hisa je? Walilipwa pauni 250,000, na 200,000 kati ya hizo zilikuwa fedha za Sultani.

Mtetezi atasema ule ulikuwa ukiritimba wa kikoloni, si soko huru. Sawa kabisa. Ila tatizo la Takaungu halikuwa bei, lilikuwa ni nani mrithi halali. Soko huanza baada ya swali hilo kujibiwa, na asiyeridhika na jibu huwa hachangii kwa hiari.

Kwale tunalijua swali hilo vizuri. Muulize yeyote anayeitwa skwota kwenye shamba alimozikwa babu yake: serikali ndogo ya kulinda mali ingekuja kulinda hati ya nani?